Shimo ya Satelite

Hapana, bomu haikuangukaka pale. Ile shimo pembeni ya kijito alichimbaka Eugène na mikono yake mwenyewe, na hakuna askari alimusukuma. Vita ilituleteaka mambo mingi, lakini ile tusiisingizie bure.

Ilikuwa miaka ile baaskari beko Baraka, bapiganaji ba Mai-Mai beko mu milima, na siye hapa katikati sawa majani ya sombe mu kinu. Mucuruzi mumoja, Dieumerci, akapanda kutoka Kazimia na mufuko ya chumvi, na maneno kupita chumvi. Akaambia Eugène, baba ya Clarisse:

"Papa Clarisse, iko jiwe nyeusi, nzito, koltan. Bazungu banaitiaka mu satelite."

"Satelite njo nini?"

"Ile nyota inatembeaka. Si ya Mungu, ni mashini. Banaitupaka juu na moto mukali, moshi yake inaweza kufunika Fizi muzima."

Basi Eugène, muntu hata mulango ya choo yake ilimushinda kutengeneza, akajiona tayari iko na sehemu yake mbinguni. Akachukua jembe ya muke wake, sababu jembe yake mwenyewe ilivunjikaka kitambo na hakuitengeneza. Akaenda ku kijito. Akakata mianzi yote. Akaangusha mingazi zilikuwa zingali zinazaa. Akachimba mupaka kofia tu njo ikaonekana. Mawe nyeusi ikatoka kidogo, akaipanga ku kivuli sawa mayai ya kuku.

Lakini udongo yote alikuwa anatupa mu maji. Na chini kidogo, mu ile maji, muke wake Anastasie alikuwa amelowanisha mihogo ya bugali ya bakwe. Kijana mumoja wa Baraka alimupenda mutoto yao Clarisse, na bazazi yake, Albert na Florentine, balikuwa banakuja kuangalia nyumba. Na kwetu mukwe akikataa bugali yako, usiulize tena: amekataa na mutoto.

Mihogo ilikauka, ikatwangwa. Unga ikatoka nyekundu sawa tofali.

"Papa Clarisse," Anastasie akasema pole pole, na ule mama akisemaka pole pole, hata mbuzi inatoka mu kiwanja. "Unga ingine hakuna, njia ya soko imefungwa. Miye nitapika. Weye utabaeleza bakwe."

Siku ya bakwe, asubuhi, Dieumerci akapita kuangalia mawe. Akainua moja, akaikwaruza, akaiacha.

"Papa, hii ni jiwe tu. Inafaa kusimamishia sufuria."

Bakwe bakafika na njaa, sababu ya baryeri mingi za baaskari mu njia. Bugali ikaletwa na samaki ndogo ya ndagala. Albert akanyoosha mukono, mukono ikasimama hewani.

"Mukwe, hii bugali iliumia wapi?"

Eugène alikuwa ametayarisha ukweli tangu juzi. Ulimi ikachagua njia ingine.

"Ni bomu, mukwe! Iliangukia kijito yetu!"

Wee! Florentine amesimama, anafunga kitenge. Albert iko na viatu mu mukono, tayari ku njia. "Ya ndoa tutaongea siku ingine, mukwe, kama tutakuwa bazima!"

Eugène akaona Clarisse ku mulango na maji ya kunawa, macho imejaa. Akakimbia, akafungua mikono mu njia.

"Mungoje! Hakuna bomu. Bomu ni miye!"

Akasema yote. "Nilitaka kupeleka jiwe mbinguni. Kule juu iko moshi ya bazungu, hapa chini iko shimo yangu, na ku sahani iko tofali. Miye njo satelite yenyewe: kelele mingi ya kupanda, na hakuna muntu anajua nitaangukia wapi."

Florentine akacheka mupaka kitenge ikalegea. Albert hakucheka.

"Na bajukuu yangu bakikuja hapa, batakunywa nini? Iko jembe?"

"Iko ya muke wangu."

"Na uliichukua hata bila kuuliza, inaonekana."

Bakaenda bote ku kijito. Albert akavua shati ya sherehe, akatoa udongo mu maji na jembe. Eugène akaibeba ku kichwa, akairudisha mu shimo. Bamama bakapanda matete ku ukingo. Lakini udongo ikishatoka, hairudiaka yote. Ingine maji ilikuwa imeshapeleka ziwani, na samaki ya Tanganyika banamujua Eugène mupaka leo. Njo maana shimo ingali pale. Ila wakati jua ilikuwa inainama, maji ikaanza kuonyesha muchanga yake.

Albert akainama, akanawa mule mule. "Twende tukule."

Sufuria ya sombe ilikuwa ingali na moto, juu ya mawe tatu nyeusi.

"Koltan yako imepata kazi," Anastasie akasema.

Bugali ilikuwa imepoa, imekuwa ngumu. Albert akakata tonge, akachovya, akatafuna. Muchanga ikalia katikati ya meno, bote bakasikia. Akameza.

"Mutoto yangu," akaambia Clarisse, "niongezee ndagala."

Njo bote bakakaa ku mukeka, Eugène wa mwisho, bakaanza kula.