Gita Aliloliacha Babu

Fundi wa duka la vyombo vya muziki aliligeuza gita mara moja tu, akamwambia mwanamke aliyelileta, "Dada, hizi ni kuni." Lilikuwa gita dogo la sebuleni, ambalo babu yake alilichonga kwa mkono kabla mama yake hajazaliwa. Kifua chake, yaani ubao wa mbele, kilikuwa kimepasuka na shingo imepinda.

Mwanamke huyo alikuwa seremala wa makabati, na maneno yale yalimkera. Kwa miezi saba, kila alipomaliza kazi za wateja, alinyoosha shingo kwa mvuke na vibano, akaziba nyufa kwa vijiti vyembamba, akabandika upya kwa gundi mbao za ndani zilizoachia.

Jumapili moja alimpelekea mama mkubwa, aliyefundishwa na babu kulipiga. Mama mkubwa akakaza nyuzi polepole, seremala akiitazama shingo ya gita. Haikupinda. Akapiga wimbo mzima, na sauti ikajaa sebule hadi majirani wakaja mlangoni.

"Baba alihangaika na mkwaruzo wa sauti kwenye uzi huu mnene mpaka akakata tamaa," mama mkubwa akasema. "Mwanangu, wewe umeuondoa."

Seremala akacheka huku machozi yakimtoka, akavuta kiti. "Piga mwingine, mama. Leo siendi popote."