Matumbo ya Sato kwa Mkwe

Siku Jilala alipofika kutoka Samuye kumposea mwanawe Scolastika, binti wa Melania, ziwa lilikuwa limelala wiki ya pili bila upepo, na maji ya ufukweni yamevaa utando wa kijani, mzito kama mlenda uliopoa. Wavuvi wenyewe walikuwa wanatupa matumbo ya samaki. Melania aliwaona kwa macho yake. Mvuvi mmoja alipotaka kuwapasua sato wanne aliomuuzia na kutupa matumbo, Melania akamshika mkono.

"Mama Scolastika, wiki hii matumbo tunatupa. Samaki wanakula ule uchafu."

"Tupa ya kwako," Melania akasema. "Mimi nina mkwe leo. Nimpe mkwe mkia?"

Kwa desturi ya nyumba ile alikuwa sawa. Katika ukoo wa marehemu mumewe minofu ilikuwa ya kila mtu, mkia wa watoto, lakini matumbo yaliyonona pamoja na maini yalikuwa ya mgeni mkubwa na ya mwenye mji. Mwenye mji sasa alikuwa shemeji yake, Maganga, mtu ambaye kila alichokula lazima akitangaze.

Melania alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ni kuonja. Alionja kuona kama chumvi imekolea. Akaonja tena kuhakikisha kwamba mara ya kwanza alionja sawasawa. Kitunguu kilipolainika ikabidi aonje kitunguu, na kitunguu chenyewe kilikuwa kimeng'ang'ania ini. Alipokuja kushtuka, sehemu ya Maganga ilikuwa imekwisha kabisa, na ya Jilala imebaki nusu.

Hakupoteza muda. Bakuli la Jilala akaliongezea nyanya. La Maganga akalijaza mikia, akaivuruga kwa mwiko mpaka mkia wenyewe usijitambue, akamwagia mchuzi mzito juu. Kisha akajifuta mdomo kwa pindo la khanga na kumwita Scolastika apeleke.

Jikoni alimsikia Maganga akinguruma kwa raha.

"Matumbo ya mwaka huu yanayeyuka kama samli. Ninyi watu wa ng'ombe hamvijui vitu hivi, mkwe."

"Hatuvijui," Jilala akakubali kwa adabu, huku kijiko chake kikiyatafuta matumbo katikati ya nyanya.

Jua lilikuwa bado juu Jilala aliposimama katikati ya mazungumzo ya mahari na kuondoka bila kuaga. Aliingia chooni akakaa. Choo kilikuwa kimoja. Wakati huohuo tumbo la Melania lilianza kusaga kama mashine za mawe kule mgodini Geita. Afanyeje? Mkwe ni mtu ambaye hata kumtazama usoni ni aibu, utapanga naye foleni ya choo? Akachukua jembe, kama mtu anayekwenda kuchimba muhogo wa jioni, akatokomea shambani. Akarudi. Akaenda tena.

"Mama huyu ana bidii," alisema Bujiku, mdogo wake Jilala aliyemsindikiza. "Ila sioni muhogo."

Safari ya tatu Melania alikuwa amechuchumaa nyuma ya tuta aliposikia miguu ikija mbio. Jilala naye alikuwa amekichoka choo. Melania akakohoa. Miguu ikasimama, ikageuka, ikaenda kuchuchumaa tuta la mbali. Huko nako mtu akakohoa. Kisha kila mmoja akanyamaza kwa heshima.

Asubuhi Jilala alikuwa amelala mkekani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Dresa Donatus wa zahanati ya ng'ambo ya kilima alifika kwa baiskeli, akamnywesha uji mwepesi wenye chumvi, akauliza maswali. Melania alisimama mlangoni ameegemea jembe, jasho linamtoka, amejilazimisha kutabasamu.

"Nani mwingine anaumwa?" Donatus akauliza.

Melania akaukaza mkono kwenye mpini.

"Mimi nilikula matumbo yaleyale ya heshima," Maganga akasema, "na nimelala kama mtoto mchanga."

"Mmesikia," Bujiku akasema. "Matumbo wamekula wawili, mwenyeji mzima, mgeni anakufa. Basi kuna mkono wa mtu ndani ya bakuli. Posa imekwisha, na huyu mama tutamfikisha kwa mtemi."

Donatus akajikuna kidevu. "Mimi nilidhani ni samaki. Mwaka jana ng'ombe walikunywa maji ya lambo yenye utando kama huu, wakaanguka palepale, na bwana mifugo akasema sumu imo kwenye ule ukijani. Samaki akiula, sumu inakaa tumboni na kwenye ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Lakini kama mzee Maganga aliyala akabaki mzima, siwezi kusema ni samaki."

Melania alimtazama Scolastika, ambaye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Aitwe mtia sumu au aitwe mlafi? Akayapima yote mawili, na tumbo likamsaidia kuamua.

"Shemeji hakula matumbo," akasema. "Alikula mkia."

Maganga akacheka. "Mimi?"

"Mkia, shemeji. Matumbo yako niliyala mimi. Na nusu ya mkwe. Tangu jana naumwa. Hili jembe mnaloliona halijagusa muhogo."

Bujiku alifungua mdomo akasahau kuufunga. Mama wa binti kula bakuli la mkwe lilikuwa jambo ambalo halijapangiwa hata faini.

Jilala akajiinua kwa kiwiko. Hakumtazama Melania, alizungumza na ukuta, kama adabu inavyotaka.

"Dresa, jana mihogoni nilimsikia mbuzi akikohoa. Nikasema, mbuzi wa watu hawa wamelelewa." Akapumzika kidogo. "Ile nusu nyingine, kama ningeila mimi?"

"Leo tungekuwa tunachimba," Donatus akasema, "na si muhogo."

"Basi mwambieni mayu, mama wa binti, posa ipo palepale. Ila siku ya harusi akipika matumbo tena, asinibakizie nusu. Amalize."

Hata Bujiku alicheka. Hapo watu wakamgeukia Maganga, yule aliyesifia mkia kuwa unayeyuka kama samli. Maganga aliwaona wakigeuka. Taratibu akainama, akashika tumbo.

"Na mimi," akasema kwa sauti ya mgonjwa, "sasa naona linaanza."

Donatus akamtazama ulimi, akamtazama macho, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Ya kwako imechelewa, mzee. Iliyochelewa ndiyo mbaya. Lazima isukumwe." Akammiminia kikombe kizima cha mafuta ya mbarika, dawa ya kuharisha.

Maganga akakitazama kikombe. Akawatazama watu. Akanywa.

Saa sita mchana Jilala alikuwa amekaa, anapuliza uji wake wa tatu. Melania alikuwa amejilaza kivulini Maganga alipopita mbele yake mbio, akielekea mihogoni, hata jembe hakukumbuka kubeba.

"Shemeji," Melania akamwita, "usisahau kukohoa."