Ushauri wa Mwadini

Kabla ya Mapinduzi, Mwadini Khatibu alikuwa hakimu Unguja, na watu walisimama alipoingia. Mwaka wake wa tano London alikuwa tarishi katika ofisi ya mawakili, nyumba kongwe yenye ngazi za mawe, ambayo majina ya mawakili yalichorwa kwa rangi nyeusi mlangoni, la mkubwa juu, la mdogo chini. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili yaliyofungwa utepe wa rangi ya waridi, kuyapeleka mahakamani na kuyarudisha. Hakunung'unika. Alikuwa na mke mgonjwa chumbani kwao Harrow, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Asubuhi moja ya Februari karani mkuu alimwita. "Wewe si unajua Kiswahili? Panda kwa Bwana Hargreave. Mkalimani hakuja."

Juu alimkuta kijana amekaa ukingoni mwa kiti, koti hajalivua. Alikuwa Jaffar, Mpemba wa Mkoani, mpishi wa meli aliyehamia nchi kavu. Alipanga nyumba moja na Mkenya aitwaye Naftali, kule Edmonton. Waligombana juu ya ngazi kwa sababu ya jiko la mafuta ya taa, nani alale nalo chumbani. Naftali akaporomoka hadi chini, akavunjika uti wa mgongo. Hatatembea tena, wala hakumbuki alivyoanguka.

Polisi walipomhoji Jaffar, alijishika kichwa akalia, "Nimekwisha!" Mkalimani wao, Mzungu aliyewahi kuwa bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, huko bara, aliandika kwa Kiingereza: "Nimemmaliza."

"Mwambie hivi," Hargreave alisema. "Upande wa mashtaka uko tayari kupunguza shitaka. Akikiri kwamba alimdhuru bila kukusudia, atafungwa mwaka, labda miwili. Akikataa, juri, raia watakaoamua kesi, watasomewa neno lile."

Mwadini alifasiri yote, hakupunguza kitu.

"Lakini mzee, mimi sikusema hivyo," Jaffar alisema. "Nilisema nimekwisha mimi. Alinikamata shati, nikajinasua, akateleza. Wallahi sikumsukuma."

Mwadini alifasiri. Hargreave alitazama saa yake. "Nitalisema hilo mahakamani. Lakini mimi ningekuwa yeye, ningekiri."

Hapo Mwadini alifanya jambo ambalo hakutumwa. Kwa sauti ileile ya ukalimani, macho yameelekea mezani, alisema, "Mwanangu, mimi nilikuwa hakimu. Kesi hii haina miguu. Neno hilo hata mtoto wa chuoni atalikosoa. Usikiri usilolitenda."

"Huyu Mzungu ndiye anayesema?"

"Nasema mimi."

Mabega ya Jaffar yakashuka. "Basi nakufuata wewe, mzee."

"Amekataa," Mwadini akamwambia wakili.

"Umemweleza barabara?"

"Nimemweleza."

Aliposhuka ngazi alihisi kifua chake kimepanuka. Miaka mitano hakuna aliyemwuliza neno la sheria.

Kesi ilisikilizwa Aprili. Hargreave alimsimamisha Mwadini kizimbani aeleze maana ya neno, naye akaeleza vizuri, kwa Kiingereza safi. Kisha wakili wa mashtaka akainuka.

"Bwana Khatibu, kazi yako ni ipi?"

"Kwetu nilikuwa hakimu."

"Nimeuliza kazi yako."

"Tarishi."

"Ofisi gani?"

Ikabidi aitaje. Wakili akageuka kuwaelekea juri taratibu, ili kila mmoja asikie vizuri kwamba shahidi hula kwa mkono wa upande wa utetezi. "Na una karatasi yoyote ya huo uhakimu?"

"Zilichomwa pamoja na nyumba yangu."

Baada yake akapanda yule bwana shauri wa zamani, mwenye medali na miaka kumi na tisa ya Kiswahili, akasema hana shaka na alichokisikia.

Juri hawakuchukua saa mbili. Jaffar alihukumiwa miaka saba.

Kesho yake Hargreave alimwita juu, akafunga mlango. "Ningemtoa kwa miezi kumi na minane," alisema. "Kwa nini alikataa? Nini hasa kilisemwa siku ile?"

Mwadini angeweza kusema uongo. Chumbani hapakuwa na mwingine aliyeielewa lugha ile. "Nilimshauri mimi," alisema.

Hargreave hakufoka. Aliketi, akafunua faili jingine. "Nenda kwa karani akupe barua yako ya kuachishwa kazi," alisema bila kuinua macho.

Wiki ya tatu Mwadini alikwenda gerezani. Jaffar alikuwa amekonda, amenyolewa. Walisalimiana, wakakaa.

"Mzee, siku ile ulikuwa na hakika?"

"Nilikuwa na hakika."

"Na kule Unguja, ulipokuwa ukiwafunga watu, ulikuwa na hakika vivyo hivyo?"

Zilimjia Mwadini sura za watu ambao hata majina yao hakuwahi kuyashika: Wamakonde, Wamanyema, vibarua wa bara, wote waliofasiriwa maneno yao na makarani kwa haraka, naye akiandika hukumu tu.

"Vivyo hivyo," alisema.

Jaffar aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akaomba aandikiwe barua kwa mama yake. Mwadini alitoa kalamu, lakini askari jela akamkataza: karatasi haziruhusiwi mezani. Ikabidi Jaffar aseme yote kwa mdomo, na Mwadini, mkono mtupu juu ya meza, akawa anayarudia nyuma yake neno kwa neno, bila kuongeza lake.