Siku Tisa Bila Jani

"Kwani mimi sina kichwa?" mke wa fundi saa alimwambia mumewe, kitambaa amekikaza kwenye paji la uso. "Kinanigonga. Lakini tulikubaliana."

Ilikuwa siku ya pili tangu waache, fundi mirungi, mkewe kahawa. Mapatano yenyewe yalizaliwa na ugomvi. Mkewe alimwambia majani yamemla hadi meno, naye fundi saa akamjibu kuwa nyani haoni kundule: mbona yeye bila vikombe vitatu asubuhi hasemeshwi? Basi mkewe akaimwaga kahawa yote jalalani. "Haya, tuache wote, tuone nani kafungwa."

Fundi alidhani watatoka sare. Siku ya tatu mkewe alishinda kitandani, hataki mwanga wala maneno. Siku ya nne aliamka, akafua, akataniana na jirani, akala akashiba. Kahawa ilikuwa imemuaga kama mgeni mstaarabu.

Jani halikuaga. Fundi alilala mchana kutwa, akaamka amechoka zaidi. Hamu ilimvamia hata katikati ya salamu. Milio ya saa ukutani, aliyoishi nayo miaka ishirini, sasa ilimkera. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama punje ya mchanga vilikuwa vikipapasa.

"Kaza moyo, Baba Watoto," mkewe alimwambia. "Mimi nimevuka. Nawe utavuka."

Maneno hayo yalimuuma kuliko tusi. Laiti mkewe naye angekuwa bado anaumwa, wangekuwa wawili.

Siku ya tisa bibi mmoja mjane alipanda ngazi hadi kwao, akaleta saa ya marehemu mumewe, imesimama. Fundi aliifungua, akabana kioo cha kukuzia jichoni, akashika kibano. Skrubu ikamponyoka. Alipiga magoti, akaisaka sakafuni hadi akaipata. Ilipomponyoka mara ya pili hakuinama. Aliifunika saa kwa bilauri, akatoka.

Alirudi shavu limetuna. Mkewe alikuwa akifagia mlangoni. Aliliona lile shavu, ufagio ukasimama.

"Nimalize hii tu," fundi alisema.

"Sijasema kitu."

Haukupita muda, vidole vikatii. Skrubu ilikaa, gurudumu likazunguka, saa ikaanza kupiga. Jioni bibi aliiweka sikioni, akafumba macho.

"Mlio ni ule ule," alisema. "Mungu akulindie mikono hiyo, mwanangu. Usije ukabadilika."

"Amina," fundi alijibu, akilisogeza fundo la majani kwa ulimi ili lisionekane.

Mkewe alitokea nyuma ya pazia, mtandio begani. Hakumtazama mumewe. "Nipe mkono, bibi, ngazi hizi si nzuri," alisema, nao wakatoka pamoja.

Fundi alisikiliza kandambili zao zikiteremka, kipandio kwa kipandio, mpaka zikafika barabarani. Kisha zikaendelea, na za mkewe pia.