Lami Chini ya Kapeti

“Nusa,” alisema Mwalimu, akafungua mlango wa mwisho, na yote minne ikawa wazi juani. “Usiniambie kitu kabla hujanusa.”

Masikio, fundi wa kike wa gereji ile, aliinama, akaingiza kichwa ndani ya gari mpaka mabegani, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Alivuta kama mtu anayejua anachokitafuta, macho kayafumba nusu, na hakupata hata chembe. Wala hakushangaa. Pua ile ilibaki pambo la uso tu. Ilikuwa imekufa mwaka wa tisa sasa, imeuawa na gundi ya viti na dari za magari ya watu.

“Ni harufu ya upya,” alisema alipotoa kichwa. “Gundi hiyo, Mwalimu. Siku mbili tatu itatoka. We acha vioo wazi ukiwa unaendesha.”

“Vioo wazi?” Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa. “Sasa hizo kelele tumezizibia nini?”

Fundi alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na uchafu.

“Mama yenu jana alitapika,” Mwalimu aliendelea, sauti ikishuka. “Nilimtoa kumjaribisha tu, mzunguko mmoja wa mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa na hamu. Hatujafika kona ya pili, akashika mlango, akashuka. Amerudi nyumbani kwa miguu, ameshika kuta za watu. Leo asubuhi kaniambia, ‘Baba, mimi kliniki siendi tena.’ Na kliniki ni kesho. Wiki iliyopita amekosa. Akikosa na kesho, daktari ameshasema yeye hatawajibika kwa lolote litakalotokea.”

Akaenda kuketi kwenye benchi la wateja, chini ya turubai, daftari lake mapajani. “Nitasubiri,” alisema, na ilionekana wazi kwamba angesubiri kweli.

Habari ya gari hili ilianzia kichwani mwa mke wa Mwalimu. Mwaka uliopita alipasuliwa kichwa, akapona, ila mngurumo ukabaki kuwa adui yake. Gari la mumewe lilikuwa la zamani, lina kelele kila mahali, na safari ya kliniki ilikuwa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mama wa watu alikuwa akilia njia nzima, kanga kajizungushia kichwani, akiomba lisimamishwe. Ndipo mtu akamwambia Mwalimu, nenda pale gereji ya viti, muulize Masikio.

Jina hilo hakulipata bure. Ukimketisha siti ya nyuma, ukaendesha hatua ishirini, atakuonyesha kwa kidole skrubu iliyolegea. Kwa hiyo Mwalimu alipokuja na daftari, wakachagua pamoja. Masikio alimpangia sampuli tatu juu ya boneti, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

“Unasikia? Debe tupu hilo.” Akabandika kipande kizito chenye karatasi inayong’aa, akagonga tena, na mlango ukatoa sauti nene, fupi. “Huu ni mpira. Bati haliwezi tena kutetemeka. Juu yake tutaweka sponji hii isiyonywa maji. Hii ya tatu, ya nguo zilizosagwa, isikuvutie kwa ulaini wake. Ukiiweka chini ikalowa mara moja, umefuga uvundo ndani ya gari.”

“Na mpira tubandike mlango mzima?”

“Robo ya mlango inatosha. Anayekwambia ubandike wote anataka kuuza mpira, hana habari na kelele zako.”

Mwalimu aliandika yote hayo kwa mwandiko wa ubaoni. Akachagua mpira ule mzuri kuliko wote, akaulipia, akasema mama yenu ameteseka vya kutosha.

Sasa Masikio alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha kizingiti cha mlango wa dereva, akainua pembe ya kapeti. Alikuwa anatafuta gundi iliyomwagika ili apate cha kumwambia mzee wa watu. Akapeleka kidole kwenye ile karatasi inayong’aa, ukingoni, na kidole kikarudi cheusi. Akavuta. Kitu kile kikafuata kidole kwa nyuzi, kama ulimbo.

Mpira wa kweli ukiuvuta hurudi. Mpira wa kweli haumpaki mtu weusi. Hii ilikuwa lami.

Alibaki amepiga magoti palepale, jua linamchoma kisogo, na mambo ya juzi yakaanza kujipanga. Bosi alimletea vipande vimeshakatwa, vimeshatolewa kwenye karatasi zake za kufungia, tena asubuhi na mapema kabla jua halijashika. “Leo nimekurahisishia kazi, mama,” alimwambia, na yeye akafurahi kama mtoto. Kipande kimoja kilivunjika pembeni kama biskuti alipokikunja. Aliuliza. Akaambiwa ni mzigo mpya, ni mgumu kidogo. Alipomaliza aligonga milango yote minne, na ikatoa sauti ileile nene. Masikio yake hayakukosea, maana lami nayo hunyamazisha bati. Mtu yeyote mwenye pua angeijua kabla hajaigusa. Mtu yeyote isipokuwa yeye.

Aliinuka, akaenda stoo. Hakutafuta sana, kwa sababu mwizi aliyezoea hajisumbui kuficha. Nyuma ya magodoro ya viti palisimama jora nene la lami ya kuezekea, na kwenye karatasi yake ya kufungia pamechorwa nyumba, baba, mama na watoto wawili wanacheka chini ya paa. Hata mvua ilichorwa. Pembeni yake lilikuwa boksi la mpira, limejaa, halijaguswa. Juu ya boksi yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa kalamu nene MWALIMU. Neno lake lilikuwa limekatwa mistari miwili, na juu yake, kwa mwandiko wa bosi, paliandikwa MKANDARASI.

Hasira ilimpanda mpaka akahisi joto nyuma ya macho. Wanamtapisha mgonjwa ili mteja mkandarasi, mwenye magari sita, apendezwe! Na mkono uliofanya kazi hiyo ni wake.

Bosi alikuwa ofisini, feni inampepea, anasoma gazeti. Masikio aliweka kidole juu ya gazeti, katikati ya ukurasa.

“Bosi, hii ni nini?”

“Kidole chako,” bosi alisema, akacheka mwenyewe.

“Hii ni lami ya paa.”

“Kwani lami ya paa ina dhambi gani? Umegonga, umesikia. Imenyamaza, haijanyamaza?”

“Inanuka.”

Bosi alikunja gazeti polepole. Kicheko kiliondoka, tabasamu likabaki. “Umejuaje?”

Kati ya watu wote waliopita pale gereji, ni huyu peke yake aliyejua kwamba Masikio hanusi. Miaka ile kitambaa kilishika moto chini ya kiti chake cha kushonea, moshi ukajaa, mafundi wakakimbilia nje wakikohoa, yeye akaendelea kushona mgongo kaugeuza. Wenzake walimsifu kwa ushujaa. Bosi alimwita pembeni, akamuuliza taratibu, naye akakiri. “Usijali, siri yako naifukia,” bosi alisema. Kumbe alikuwa anaitunza.

“Gari lako wewe nilibandika nini mwaka jana?” aliuliza.

“Gari langu ni langu.”

“Nakuuliza nilibandika nini!”

“Mama, punguza sauti, kuna wateja.”

“Kazi hii ungempa fundi mwingine yeyote angekurudishia palepale. Ukanipa mimi. Ukanikatia vipande, ukanivika kilemba cha ukoka, eti umenirahisishia. Ulijua sitanusa!”

“Nilijua hutalalamika,” bosi alisema, na akaona ni jambo la kawaida kabisa kulisema. “Sikiliza. Mtundikie pafyumu pale kwenye kioo, mwambie avumilie wiki moja. Au unataka nitoke nje niwatangazie watu fundi wangu mkuu hana pua? Nani atakuletea tena hata kiti cha baiskeli?”

Masikio aliangalia feni inavyogeuka. Miaka tisa alikuwa akinusa hewa tupu mbele za watu, akitikisa kichwa, akisema, “Naam, hapa pameingia maji.” Alikuwa amechoka. Tena alikuwa amechokeshwa na mtu huyu, aliyeketi kwenye upepo wakati mama wa watu anashika kuta.

Akatoka. Chini ya turubai walikuwa Mwalimu na wateja wengine watatu. Alisimama mbele yao wote.

“Mwalimu, nimekudanganya.”

Mwalimu alifunga daftari.

“Mimi sinusi. Mwaka wa tisa huu, pua yangu haifanyi kazi. Pale nilipoinama nilikuwa naigiza. Gari lako limebandikwa lami ya kuezekea nyumba, siyo mpira uliolipia. Nilibandika mimi. Sikujua, lakini nilibandika mimi.”

Dereva mmoja wa teksi alicheka, kisha akaona hacheki mwingine, akanyamaza. Bosi alikuwa ameshafika mlangoni mwa ofisi.

“Kwa hiyo saa ile,” Mwalimu alisema, akijitahidi kutopaza sauti, “ulinitazama usoni ukaniambia ni gundi.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu kusema ‘sijui’. Neno fupi tu! Mke wangu anatapika, wewe unaona aibu?”

Masikio alisubiri mpaka mzee akamaliza hasira yake, ilikuwa haki yake kuimaliza. Kisha akaingia stoo, akatoka na boksi la mpira mikononi na mafungu ya sponji begani.

“Rudisha hilo boksi,” bosi alisema.

“Mwenyewe yuko hapa. Amelipia mpira, atapata mpira.”

“Ukilifungua, kesho usije.”

“Kesho ni siku ya kliniki,” Masikio alijibu, akapita.

Bosi alitazama benchi, akahesabu macho yaliyokuwa yanamwangalia, akarudi kwenye feni yake.

Lami haitoki kwa upole. Jua la saa saba lilikuwa limeilainisha ikawa uji, kila ukikwangua inasambaa. Fundi mmoja aliyekuwa akipita alimshauri atumie mafuta ya taa, Masikio akamwambia asante, nitabadilisha uvundo kwa uvundo. Alivuka barabara kwa muuza soda, akaomba barafu. Akaijaza kwenye mifuko ya plastiki, akaipanga juu ya sakafu ya gari, akangoja. Lami ilipopata baridi ikakakamaa, na nyundo ya mbao ikaanza kuivunja vipandevipande. Alichota, akatupa, akapanga barafu mpya, akagonga tena, na milangoni akaibana barafu kwa mkono. Muuza soda alileta ndoo ya pili bila kuombwa.

Ilipofika ndoo ya tatu, Mwalimu alisimama kutoka kwenye benchi. Alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti upande wa pili wa gari, akaingiza uso wake chini ya dashibodi.

“Hapa bado,” alisema.

Masikio akaleta sabuni ya unga na maji ya moto, akasugua.

“Na sasa?”

“Bado. Pembeni ya nati hiyo.”

Akasugua.

“Bado.”

Hawakuzungumza jingine. Ilikuwa bado, bado, bado, mwalimu na mwanafunzi wake, mpaka magoti ya mzee yakawa meusi na mikono ya fundi ikachubuka. Ndipo Mwalimu akazunguka pembe zote nne, akainuka kwa kushika kiti, akasema, “Imeisha.” Akaongeza, bila kumwangalia, “Nakwambia kwa sababu unaniamini. Usiniamini bure, nimenusa mara mbili.”

Mpira ulibandikwa kwa rola ndogo ya mkono, vipande vichache, palepale bati lilipokuwa linalia. Sponji ikafuata, kapeti ikarudi, skrubu zikarudi. Jua lilikuwa limeshaegemea upande. Mwalimu akaenda nyumbani kwa miguu kumleta mke wake, kwa kuwa alisema mama yenu hataamini maneno ya mtu.

Alikuja ameshikwa mkono, mwembamba, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye gari kama linang’ata.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ndiye wewe fundi?”

“Ndiye mimi.”

“Mnajua kututesa nyie,” mama alisema. Masikio akakubali kwa kichwa.

Mama aliachia mkono wa mumewe. Akaingia mwenyewe, akaketi wima, mkoba mapajani. Masikio akamfungia mlango taratibu, Mwalimu akazunguka upande wake, akafunga, akawasha injini. Vioo vyote vilikuwa vimepandishwa hadi juu.

Barabarani nje ya geti magari yalikuwa yanapiga honi, na gereji ya jirani walikuwa wanafua bati. Masikio aliinama dirishani. Aliona pua ya mama ikitanuka, ikitulia, ikitanuka tena. Aliona mkono wake ukipapasa kapeti ya mlangoni. Kisha mama akageuka, akamtazama moja kwa moja, na midomo yake ikaanza kusogea.

Ilisogea muda mrefu. Mwalimu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na usoni mwake hapakuwa na la kusomeka. Masikio aliegemeza sikio lake kwenye kioo. Hakupata neno hata moja, la shukrani wala la lawama; mpira ulikuwa umezinyamazisha hata sauti za ndani. Gari likaanza kuondoka polepole, mama hakushika mlango, na Masikio akaenda nalo sambamba hadi getini, mkono juu ya paa, akiitazama midomo ile.