Unaiona ya Mbele Yako?

Haya, nikutegee, nawe usikurupuke kujibu: wageni wangu wawili wanakuja kwa njia moja, wanaruhusiwa kutazamana tu, wakigusana mtaa mzima unalia. Ni nani hao? Umesema mtu na mkwewe? Umenichekesha, lakini hukupata. Ni ndege zinazokuja kutua. Na anayezitenganisha leo ni mama mmoja aliyepanda ngazi zote za mnara kwa miguu, maana lifti imekufa, na sasa amesimama dirishani jasho likimkauka mgongoni.

Wenzake humwita Jicho. Ameongoza ndege miaka na miaka kwa mkataba wa muda. Kila ukiisha anaomba mwingine, kama mtu anayeomba moto kwa jirani. Kodi ya chumba anachokaa na binti yake imepanda tena, na mwenye nyumba hataki kusikia neno "subiri". Asubuhi Mkuu wa mnara alimwambia, "Mkataba wako uko mezani kwangu, dada. Jioni nasaini. Siku iende vizuri tu."

Skrini ya rada imezimika tangu mvua zilizopita. Kipuri kinasubiri saini, saini inasubiri kikao. Kwa hiyo kazi inafanywa kwa macho: ya Jicho kwenye darubini, na ya marubani huko juu. Jicho humwelekeza rubani wa nyuma ilipo ndege ya mbele, kisha humwuliza kama anaiona. Akijibu anaiona, anaruhusiwa kuifuata, na kutoka hapo kukaa mbali nayo ni juu yake mwenyewe. Kama haioni, anazungushwa kando asubiri. Kuzunguka kunakula mafuta, na wenye ndege siku hizi wanapima mafuta kama mwenye duka anavyopima sukari. Basi marubani nao wamejifunza kuona upesi.

Mchana ule vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limetanda, na jua liko usoni mwa kila anayekuja kutua. Ndege nyeupe ya mizigo ilikuwa inashuka polepole. Nyuma yake ikaja ndogo ya abiria, ndani yake mheshimiwa mwenye haraka zake. Jicho akabonyeza redio.

"Kuna ndege ya mizigo mbele yako, kulia, inapita juu ya..."

"Naiona, naiona," rubani alidakia.

Jicho hakumpa ruhusa. Ameionaje hata kabla ya kuambiwa aangalie wapi? Hata mganga hupiga ramli kwanza.

"Si amesema anaiona?" Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, simu mkononi. "Mpe ashuke. Akishasema, mzigo ni wake, sisi hatumo."

"Mzigo wenyewe ni watu, Mkuu."

"Usinifundishe kazi, dada. Unajua nani yumo humo ndani?"

"Najua. Na kwenye ya mizigo wamo watoto wa mama zao pia."

Aliinua darubini. Ile ndogo ilikuwa imeshaanza kukata kona kabla ya ruhusa, inaingia kulekule ilikokuwa nyeupe, kama hakuna kitu pale. Vidoa viwili vilikuwa vinasogeleana kwenye vumbi.

"Panda juu sasa hivi, geuka kushoto," Jicho alisema, sauti kavu kama ukuni. "Usishuke mpaka nikuambie."

"Lakini nimesema naiona..."

"Nimekusikia. Panda!"

Ndogo ikainua pua. Nyeupe ikapita chini yake, haijui hili wala lile, ikagusa lami na kutoa moshi wa matairi. Ndogo ikazungushwa kando, ikasubirishwa, mwishowe ikatua salama salimini. Jicho akajifuta viganja kwenye sketi, akamwita anayefuata.

Simu ya Mkuu haikukaa kimya. "Ndiyo, mheshimiwa. Pole sana, mheshimiwa. Hapana, ni mfanyakazi wa muda tu." Alipoikata, akaagiza rubani aitwe. Kijana akafika juu anahema, kofia kwapani.

"Huyu mama amekuzungusha bure," Mkuu alimwambia. "Kampuni yako inalalamika, mheshimiwa amekosa kikao. Wewe sema tu kwamba ndege ya mbele uliiona, tumalize. Yeye aende zake nyumbani, mkataba wake sisaini."

Rubani akatazama sakafu. Akisema ndiyo, amenusurika. Akisema hapana, kesho mwenye ndege atamtafuta rubani mwingine mwenye macho mepesi.

Jicho hakugeuka, kulikuwa na nyingine inashuka na macho yake yalikuwa huko. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuombi unitetee. Kazi nilishaifanya. Nakuuliza nilichotaka kukuuliza ulipokuwa angani, maana hukuningoja, ulinikatiza. Uliiona?"

Redio ikakoroma. Jicho akamjibu wa angani, akamwelekeza, akangoja amtaje aliye mbele yake kwa rangi na mahali, ndipo akamruhusu. Muda wote huo kijana anaigeuzageuza kofia.

"Sema basi!" Mkuu alifoka. "Ndiyo au siyo?"

"Sikuiona," rubani alisema. "Mama, hata uliponigeuza, nilikuwa bado sijui iko wapi."