Shuka Hukunjwa na Wawili

Siku ya nne baada ya kumzika shangazi yake, Kimya alirudi kazini. Jina hilo walimpa wenzake, maana kwa miaka kumi na sita shangazi ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, karibu na tangi la maji. Shangazi alikaa upande wa mashine, Kimya upande wa pasi. Ukifika wakati wa kukunja walikutana katikati, kila mmoja na pembe mbili za shuka mkononi, wakasogeleana, wakarudi nyuma, wakasogeleana tena. Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na mdomo wake haukuwa na breki.

Sasa mashuka yalikuwa yamefurika kwenye matenga. Kimya alichukua la kwanza, akalibana kwa kidevu, akalikunja peke yake. Likatoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. La pili vilevile. Mchana alikula amesimama, ameegemea meza ya pasi, macho ukutani.

Msimamizi alimwona. Kesho yake akamletea msaidizi, mlinzi wa zamu ya mchana, mtu mzima mwenye goti bovu asiyeweza tena kusimama juani kutwa. Hospitali nzima ilimwita Mzee Geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kazi ya lango naijua. Hii utanifundisha."

Alimfundisha kwa maneno matano, basi. Mzee Geti alivuta wakati wa kulegeza, akalegeza wakati wa kuvuta. Siku ya tatu shuka lililokwishapigwa pasi likamponyoka, likaangukia kwenye sakafu yenye maji.

"Kama huwezi, rudi getini kwako," Kimya akasema.

Mzee aliinama, goti likalia, akaliokota shuka na kulipeleka mwenyewe kwenye mashine. Mgongo wake, alivyokuwa akienda, ulimchoma Kimya kuliko jibu lolote.

Akaukumbuka mwezi wake wa kwanza mle ndani, alipounguza shuka jipya, kisha akajificha nyuma ya tangi akilia. Shangazi alimfuata, akakaa naye chini kwenye tope. "Mwanangu," alimwambia, "shuka ni kitambaa. Likiisha, madukani yapo. Wewe umo duka gani?" Kisha akaenda kwa msimamizi wa wakati ule na kusema ameunguza yeye. Alifokewa mbele za watu. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudi akiimba.

Kulikuwa na neno lake jingine pia: samahani huliwa ya moto, ikipoa haimezeki.

Kimya akaenda upande wa mashine. "Mzee, nimekukosea. Nisamehe."

"Yamekwisha, binti."

"Hayajaisha." Alikuwa akizungumza na sakafu. "Siku aliyokufa shangazi, tulikuwa tunakunja hapa, asubuhi. Akawa anasimulia habari za jirani, nimeshazisikia mara tatu. Nikamwambia, shangazi, hebu nyamaza kidogo, kichwa kinaniuma. Akanyamaza. Hakuwahi kunyamaza maisha yake yote, siku hiyo akanyamaza. Nikajisemea, nitamwomba radhi mchana. Saa sita akaanguka pale mlangoni."

Mashine ilizunguka. Mzee Geti alilikanda goti lake kwa muda mrefu.

"Mimi si mwongeaji," akasema mwishowe. "Ila masikio ninayo."

Basi wakashika shuka, na Kimya akaanza kumsimulia: shangazi alivyokoroma hadi vikombe vikatikisika kabatini, alivyogombana na redio kama mtu na wifi yake, alivyoweka chumvi kwenye kila kitu. Polepole mzee akajua wakati wa kuvuta. Mashuka hayakunyooka sana, lakini yalikunjika, na ilipofika jioni sauti ya Kimya ilikuwa imekauka, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuitumia.

Nyumbani hakuna aliyemuuliza mbona amechelewa. Alivua viatu, akawasha jiko, akabandika maji. Kisha akaketi kitini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalia kwa sauti, bila kujali kama majirani wanasikia. Maji yalichemka hadi yakakaribia kukauka ndipo alipoinuka.